Nyundo Iliyopanda Yenyewe

Mwanangu Raymundi alimpiga kaka yangu Ezekia risasi ya mguu siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, watu wanne wakiwa hapo hapo nyumbani. Naanza hapo kwa sababu wengi waliokuja kunipa pole walinizungusha kwanza: mvua, tumbaku, bei ya mbolea, halafu ndipo wakasema kwa sauti ya chini, "Tumesikia." Mmesikia. Ndivyo ilivyokuwa.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Tabora. Nakaa Cheyo. Baba yake Raymundi alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia chuo kusomea diploma. Nilimpeleka kijijini, upande wa Tura, kwa kaka yangu. Ezekia alimlea miaka mitatu nilipokuwa chuoni, na hata nilipomrudisha mjini kila likizo ilikuwa ya mjomba wake. Sasa ana miaka ishirini na sita na analima tumbaku shamba moja na Ezekia. Kwa hiyo si jirani aliyempiga jirani. Ni kama mikono yangu miwili imeumizana.

Ezekia, mbali na kilimo, ni fundi wa vitako vya magobori. Anachonga kwa mti wa mninga, analainisha kwa msasa, anapaka mafuta, na gobori la mtu mwenye kibali likitoka kwake linakaa begani kama limezaliwa hapo. Ufundi huo ni wa nyumbani kwetu. Babu wa babu yetu alibeba pembe mpaka pwani pamoja na misafara, akarudi na gobori, likavunjika kitako njiani huko Ugogo, akalichongea kingine mwenyewe. Tangu hapo hakuna gobori upande ule ambalo ukoo wetu haujalishika. Ezekia anajua hilo na hapendi ulisahau.

Siku hiyo alikuja Bwana Abdulatifu, mfanyabiashara wa asali kutoka mjini, anayezunguka vijijini kununua mapipa ya asali. Ana bastola yenye kibali. Si hizi bapa za siku hizi za kuingiza risasi kwenye kitako. Ni rivolva, yenye silinda ya kuzunguka na matundu sita, na ni ya aina inayoitwa magnamu. Mpini wake wa mbao ulikuwa umepasuka. Akasikia kuna fundi wa mninga, akaona huyo huyo atamchongea.

Alifungua silinda, akainamisha bastola, risasi zikadondoka kiganjani, akazitia mfukoni. Hakuzihesabu. Zilikuwa tano. Ya sita ilibaki tunduni kwa sababu bastola ile ilikuwa inakaa kwenye mfuko mmoja na sampuli za asali, na asali ilishawahi kumwagika ikaifikia. Ungebonyeza kijiti cha kutolea risasi, ingetoka. Hakubonyeza. Akairudisha silinda mahali pake, akaiweka bastola juu ya meza ya useremala, akaenda nyuma ya nyumba kuangalia mapipa. Polisi wamemnyang'anya kibali na ana kesi yake ya uzembe. Simzungumzii tena.

Raymundi aliichukua ile bastola mezani. Ezekia alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua mbili mbele yake, anachagua kipande cha mninga. Ikalia. Risasi ikapita kwenye muundi, ikavunja mfupa mdogo, ikazama kwenye gogo lililokuwa nyuma. Gogo lenyewe lilipasuka.

Hayo yote hayabishaniwi. Kilichobishaniwa ni kimoja tu.

Raymundi aliandikisha polisi: "Niliishika tu, ikajifyatua yenyewe."

Ezekia aliandikisha, kitandani, akiwa na dripu mkononi: "Alipandisha nyundo kwa kidole gumba, akanilenga, akavuta. Bunduki hailii nyundo ikiwa imelala."

Wale mashuhuda wanne, wote watu wa magobori, hawakuona lolote maana walikuwa nyuma ya nyumba wanaangalia mapipa, lakini wakaulizwa kama wajuzi wa silaha. Wote wakasema kitu kimoja. Gobori ukitaka lilie, unavuta nyundo nyuma mpaka isikike inakaa, kisha unavuta kifyatulio. Nyundo ikiwa imelala mbele, gobori ni mti na chuma. Unaweza kutembea nalo Tura mpaka Tabora. Basi kama bastola ililia, kuna mtu aliyeipandisha nyundo, na kama aliipandisha, alidhamiria.

Na sababu ilikuwepo, kila mtu kijijini aliijua. Wiki moja kabla, Raymundi aliachiwa zamu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Moto ukamzimikia. Majani ya msimu mzima yakaoza rangi. Ezekia alimtukana mbele ya wanaume kwenye mnada, akamwambia kwamba hata kuku anajua kulalia mayai yake. Raymundi hakujibu. Kukaa kwake kimya ndiko watu walikokumbuka baadaye.

Nilikwenda hospitali siku tatu baadaye. Wifi yangu Martha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda, chupa ya uji miguuni.

"Mwangaluka," nikasalimu kwa kikwetu.

Martha akaitikia. Ezekia aligeuza uso ukutani.

"Kaka, shikamoo."

Akavuta shuka mpaka begani.

"Nimekuja kukuona mguu, sijaja kumtetea mtu."

"Mguu huo hapo," akasema. "Umeuona. Nenda."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema nitatembea. Nitachechemea kama mbuzi wa sadaka, lakini nitatembea." Akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu. "Yustina, mtoto yule nimemfundisha mimi. Nimemwekea gobori mikononi kabla hajaota ndevu. Angekuja akaniambia, mjomba nilipandwa na hasira, nikafanya upumbavu, ningemjua. Anasema imejifyatua! Mimi! Ananiambia mimi kwamba bunduki imejifyatua!"

"Labda..."

"Labda nini? Wewe na chupa zako za shule unajua nini cha bunduki?"

Hapo alisema kweli. Sikujua kitu.

Nje kwenye korido Martha alinifuata. "Wifi, ninakuambia ukweli," akasema. "Mguu haumuumi kama hilo neno. Usiku anaamka analirudia. Imejifyatua, imejifyatua."

"Na akibaki na maelezo yake?"

"Mpelelezi alituambia jalada linakwenda kwa mwanasheria wa serikali Ijumaa. Likienda hivyo lilivyo, ni kujeruhi kwa kukusudia."

"Miaka mingapi?"

"Usiniulize mimi miaka. Huyo ni mwanao, ila aliyelala humo ndani ni mume wangu." Akanishika mkono. "Sitaki afungwe, lakini sitaki mume wangu aonekane mwongo."

Ilikuwa Jumanne. Mimi nikipata tatizo naenda kwa mwenye kifaa. Jumatano asubuhi niliomba ruhusa kazini nikaenda kituo cha polisi, nikauliza ni nani anayetunza silaha.

Walinipeleka kwa sajenti mmoja mwanamke, mnene, mchangamfu, aliyekuwa akinywa chai kwenye kikombe cha bati. Akaniuliza jina, kabila, shida.

"Mnyamwezi," akarudia. "Haya, kaa, mtani wangu. Mimi Mwanajuma, Mzaramo. Babu zenu wametubebea mizigo mpaka wakachakaa mabega, tukawalipa kwa magobori mabovu, na mpaka leo mnayachongea vitako!"

"Na ninyi mpaka leo mnatusubiri huko pwani mle nazi kwa jasho letu," nikasema. "Mtani, nina mtoto anakwenda jela. Naomba unieleze kitu kimoja."

Utani ukamwisha usoni papo hapo. Akaweka kikombe chini.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Bastola ya kesi siwezi kukuonyesha. Iko kwenye mfuko, imepigwa lakiri, inakwenda kwa wataalamu. Lakini wakati wa msamaha wa kusalimisha silaha, wazee walituletea makorokoro ya kila aina. Moja ni dada yake na hiyo. Subiri."

Akarudi na rivolva nyeusi, nzito, pua ndefu kiasi cha kiganja. Kitu cha kwanza alisukuma kitufe, silinda ikatoka ubavuni, akabonyeza kijiti. Hakikutoka kitu. Akaniingizia kidole changu mwenyewe kwenye kila tundu, moja mpaka sita.

"Umehesabu?"

"Sita. Tupu."

"Bwana wa asali angefanya hivyo, tusingekuwa tunaongea." Akaifunga. "Sasa, mama, angalia nyundo. Imelala?"

"Imelala."

"Watu wenu wa magobori wakiiona hivi wanasema imesinzia. Gobori lina njia moja tu, gumba kwanza, kidole baadaye. Hii ina njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kwenu." Akavuta nyundo nyuma kwa gumba, *kra*, silinda ikazunguka tundu moja, nyundo ikakaa. Akagusa kifyatulio kidogo tu. *Tak*. "Hiyo ni ya mtu mwenye nafasi, anayetaka kulenga vizuri. Sasa angalia ya pili. Gumba langu liko wapi?"

"Kwenye mpini."

"Usilitolee macho. Angalia nyundo."

Akavuta kifyatulio taratibu. Sikuamini macho yangu. Nyundo ile iliyolala ikaanza kunyanyuka yenyewe, bila kuguswa, ikirudi nyuma polepole, na silinda chini yake ikizunguka, mpaka ikafika mwisho na kuanguka. *Tak*.

"Kidole kimoja kimefanya kazi zote," Mwanajuma akasema. "Kimezungusha, kimepandisha, kimeangusha. Ukiendelea kuvuta, risasi nyingine. Moja ikigoma, unavuta tena inakuja inayofuata, huna haja ya kuhangaika. Ndiyo maana waliokuwa wakifuata nyati aliyejeruhiwa kichakani waliipenda kiunoni. Mnyama yuko juu yako, mkono mmoja umeshika mti, huna muda wa gumba. Na ganda la risasi ya magnamu ni refu, baruti imejaa. Umesema gogo lilipasuka? Hata mawili yangepasuka."

"Kwa hiyo inalia nyundo ikiwa imelala."

"Inalia."

Nilisimama. Nilitaka kumkumbatia. "Basi mwanangu amesema kweli! Wazee wamekosea, kaka yangu amekosea. Hakupandisha!"

"Mtani," akasema, "furaha hiyo usiimalize yote hapa." Akanigeuzia mpini. "Shika. Vuta wewe."

Nikashika. Nikaweka kidole, nikavuta. Hakikwenda. Nikavuta tena, nikauma meno, nyundo ikapanda nusu, nikachoka nikaachia ikarudi. Mara ya tatu ndipo ikaanguka.

"Ni nzito," nikasema.

"Ni nzito makusudi. Haina kitasa cha kuifunga kama zile bapa. Uzito huo ndio kitasa chake. Mtu hawezi kuushinda kwa bahati mbaya."

Nikakaa tena. "Uzito kiasi gani?"

"Ninajua ni nzito, sijaipima."

"Nipe nusu saa."

Nilichukua bodaboda mpaka shuleni, nikachukua mizani ya ndoano kabatini, ile tunayopimia nguvu za springi na wanafunzi, nikarudi. Mwanajuma alicheka mpaka akashika tumbo, lakini aliishika bastola imara mezani nami nikaitundika ndoano kwenye kifyatulio nikavuta. Kwanza nyundo ikiwa imeshapandishwa kwa gumba: kilo moja na robo. Kisha nyundo ikiwa imelala: kilo tano na nusu. Nikarudia mara tatu, ndivyo tunavyofundisha. Tano na nusu, tano na nusu, tano na robo tatu.

Niliziandika kwenye daftari, nikaziangalia. Kilo tano na nusu ni ndoo ndogo ya maji kwenye kidole kimoja. Haijifyatui yenyewe. Kaka yangu alikuwa amekosea kuhusu gumba, lakini kuhusu jambo lililokuwa likimkosesha usingizi alikuwa sahihi. Raymundi alivuta. Alivuta mpaka mwisho.

"Pole," Mwanajuma akasema. Hakutania.

Nilimkuta Raymundi uani kwangu, anapasua kuni ambazo sikuzihitaji. Napikia gesi. Alikuwa nje kwa dhamana na hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka shoka chini. Ulivuta."

"Mama?"

"Nimetoka polisi. Nimeishika bastola kama ile. Nimeipima. Haiwezi kulia kwa kushikwa tu. Ulivuta kwa nguvu, na ulivuta mpaka mwisho. Sasa nataka unijibu neno moja, halafu ndipo nitajua mimi ni mama wa nani. Ulitaka kumpiga mjomba wako?"

Akanitazama kama nimemtemea mate. "Hapana! Mama, hapana!"

"Ulivuta?"

Akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni. Akaanza kubandua gome lake kwa ukucha kama mtoto. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita.

"Nilivuta," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasikiliza springi."

Sikuelewa. Akanieleza akiangalia chini. Gobori likiletwa kwa fundi, kabla ya yote unafanya hivi: unaacha nyundo imelala, ili isilete hatari, kisha unavuta kifyatulio taratibu huku umeliweka karibu na sikio. Nyundo ikiwa imelala hakifanyi kazi yoyote, kinachezacheza tu, lakini ndani unasikia springi kama imelegea au ina kutu. Ukisikia ulaini, springi imekufa. Ukisikia ugumu, bado hai. Hiyo ndiyo namna ya kupima bila kuharibu fataki ya mtu, kile kiwashio cha baruti. Mjomba wake alimfundisha akiwa darasa la nne, na tangu hapo hajawahi kushika silaha ya mteja bila kufanya hivyo. Ni kama mimi ninavyonusa chupa ya dawa kabla ya kuitumia, napunga kwa mkono, sifikirii.

"Nikaona nyundo imelala," akasema. "Nikasema iko salama. Nikavuta. Ikawa ngumu sana, nikajua ina kutu, nikaongeza nguvu. Nikaona kitu kinanyanyuka. Sikuelewa ni nini. Nikafikiri niache, lakini kidole kilikuwa kimeshakwenda. Ikalia, mjomba akaanguka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nimevuta, nani angeniamini kwamba sikutaka? Na bani ile? Wazee wote walikuwa wanapiga kelele, nani amepandisha nyundo, nani amepandisha. Mimi mwenyewe nilikuwa sielewi, mama. Kwa sababu na mimi najua kwamba bunduki hailii nyundo imelala. Nikasema imejifyatua. Nilipokwisha kusema mara moja, nikabaki na hilo."

Nilimpiga kofi moja la bega, si la kuumiza. Kisha nikamwambia avae shati safi.

"Tunakwenda wapi?"

"Kumwambia mwenye mguu."

"Akinikataa?"

"Atakukataa ukiwa umesema kweli. Sasa hivi anakukataa ukiwa mwongo."

Wodi ya wanaume mchana ule ilikuwa na joto. Martha alipotuona alisimama akatuzuia kwa mkono, lakini Ezekia akasema kutoka kitandani, "Mwache apite. Nataka nimsikie akirudia."

Raymundi alipiga goti pembeni ya kitanda. "Shikamoo mjomba."

Ezekia hakuitikia. Kwetu hilo ni zito kuliko tusi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka upande wa pili kwa heshima, ingawa sikio lilikuwa kwetu.

"Mjomba, nilivuta," Raymundi akasema.

Ezekia alimtazama.

"Nilidanganya. Haikujifyatua. Nilivuta, na nilivuta kwa nguvu. Lakini sikupandisha nyundo. Nilikuwa nasikiliza springi, kama unavyofanya. Nyundo ilikuwa imelala."

"Nyundo ilikuwa imelala," Ezekia akarudia, sauti ikaanza kupanda, "na bunduki ikalia. Unaona, Yustina? Amekuja kunipa uongo mwingine, huu una shati safi!"

"Kaka, nisikilize," nikasema. "Nimeona kwa macho yangu. Ile bastola si gobori la njia moja, ina njia mbili. Ukivuta kifyatulio nyundo inapanda yenyewe. Haihitaji gumba. Nimeipima, ni kilo tano na nusu."

"Yenyewe!"

"Inanyanyuliwa na kidole cha chini. Ndani kuna chuma kinachoisukuma. Silinda nayo inazunguka pamoja."

"Miaka arobaini nashika bunduki..."

"Magobori, kaka. Miaka arobaini unashika magobori. Hii hukuwahi kuishika. Sema kama uliwahi."

Akaitazama mikono yake. Martha akaniangalia kama nimevunja sahani. Mimi niliona aibu kidogo, lakini sikurudisha maneno.

Ezekia aliegemea kiwiko, akajiinua kidogo. Akamgeukia Raymundi, na sauti yake ilikuwa ya karakanani sasa, ya fundi kwa fundi.

"Ilikuwa ngumu?"

"Ngumu, mjomba. Ngumu kuliko lile gobori la kule Isikizya lililokaa kisimani."

"Ukafikiri kutu."

"Nikafikiri kutu."

"Ukaongeza."

"Nikaongeza. Halafu nikaona inapanda, polepole, kama kichwa cha kinyonga. Nikashangaa. Nilitaka kukuita uione."

Ezekia akaweka mkono juu ya macho. Nilidhani mguu umemuuma. Martha naye akainama, akamuuliza kama aite nesi. Akatikisa kichwa.

"Niliiona," akasema.

Martha akanyooka.

"Niligeuka nimpe kile kipande cha mninga, nikaiona nyundo inapanda. Polepole, hivyo hivyo anavyosema. Mtu akipandisha kwa gumba haipandi polepole, inakwenda mara moja, *kra*. Na gumba lake sikuliona." Alizungumza na dari. "Nilipofika hapa nikawa najiuliza, gumba lilikuwa wapi? Nikasema lazima lilikuwepo. Nyundo itapandaje bila gumba? Askari alipouliza, nikalitaja. Nikaliapia. Sikuliona, Martha. Nililiweka mimi."

Martha alikaa chini taratibu kwenye kiti cha plastiki.

"Basi wote wawili," akasema, "mmedanganya polisi."

"Mimi sikudanganya," Ezekia akafoka, kisha akapoa. "Nilijua mno. Ni kitu kingine."

"Jalada linakwenda Ijumaa," nikasema. "Wako tayari kuchukua maelezo ya nyongeza. Nimeuliza."

"Wewe! Unauliza kabla hujajua nitasema nini?"

"Nilikuwa nakuja na ukweli, kaka. Sikuwa na kingine cha kuulizia."

Akaguna. Kwake kuguna ni nusu ya kucheka. "Waite."

Mpelelezi alikuja saa tisa alasiri, na Mwanajuma akafuatana naye, kwa kudai kwamba anataka kumwona huyo fundi. Raymundi aliandikisha kwanza, yote, pamoja na kwamba alisema uongo na kwa nini. Sauti yake haikutikisika. Kisha Ezekia. Alieleza nyundo ilivyopanda polepole, alieleza kwamba gumba hakuliona, alisema kwamba maelezo ya mwanzo aliyatoa kwa ujuzi wa magobori na si kwa alichokiona. Mpelelezi akaandika, akasoma, akauliza kama kuna la kuongeza.

"Lipo," Ezekia akasema. "Andika kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kuvuta nyundo ikiwa imelala."

Mpelelezi akasimamisha kalamu. "Mzee, hilo si lazima. Yeye ameshalisema."

"Yeye kalisema kama mwanafunzi. Andika kwangu kama mwalimu. Kwamba nimewafundisha hivyo vijana saba, na wote nitawaita, nikitoka hapa, niwaambie kwamba kuna bunduki nyingine."

"Fundi, hilo litakuharibia jina," Mwanajuma akasema. "Wateja watasikia."

"Wewe ni kabila gani?"

"Mzaramo."

"Nilijua tu. Mlituuzia ya njia moja, hizi za njia mbili mkajiwekea wenyewe." Akamnyooshea mpelelezi kidole. "Andika."

Akaandika. Mpelelezi hakutuahidi kitu. Alisema mwanasheria wa serikali ndiye atakayeamua, kwamba uzembe bado ni kosa, na kwamba huenda Raymundi akalipa kwa namna fulani. Nilimshukuru kwa kusema hivyo badala ya kutubembeleza. Raymundi alisema yuko tayari.

Ezekia alisaini polepole, herufi moja moja, akairudisha kalamu. Kisha akauangalia mguu wake kwenye ile bendeji, akamwangalia Raymundi aliyekuwa amesimama karibu na mlango hajui atoke au abaki.

"Wewe," akasema. "Unasimama hapo kama nguzo ya bani. Njoo unishike kwapani, nimebanwa na mkojo tangu hawa watu waanze kuandika."

"Ndiyo, mjomba."

"Na ole wako uniangushe."